Aya Iliyoshuka Mlangoni

Jikoni kwa Bibi wa Mbweni palikuwa na sufuria moja lililokaa peke yake juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cheupe. Hilo lilikuwa letu. Siku tulipokwenda alilishusha, akalisuuza upya hata kama halina vumbi, kisha akamwita jirani yake Mwislamu aje kumchinja kuku. Hakuwahi kutuuliza kama tunataka hivyo, wala sisi hatukuwahi kumwomba. Mpaka nilipokaribia kumaliza skuli ya msingi nilidhani kila nyumba ya Wakristo hapa Unguja ina sufuria la namna hiyo.

Bibi wa Mbweni na bibi yangu mzaa mama waliitana dada. Waliokuwa ndugu wa tumbo moja hasa ni bibi zao. Kisa chao nimekisikia mara nyingi mno, na bado nikikisimulia husikia sauti ya Bibi. Watoto wawili wa kike walishikwa bara, wakavushwa kwa majahazi mawili tofauti. Mmoja alifika pwani, akauzwa kwa siri, maana soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limekwisha kufungwa tangu 1873. Akalelewa katika nyumba ya Waislamu, akasilimu, akaolewa, akazikwa Ng'ambo. Wa pili jahazi lake lilikamatwa na manowari ya Waingereza. Akapelekwa Mbweni, kwenye shamba ambalo misheni ya Kianglikana, UMCA, ililinunua mwaka 1871 na kisha ikawaweka humo watumwa walioachwa huru. Akabatizwa, akasomeshwa, akazaa. Walikuja kuonana wakiwa watu wazima, wakatambuana kwa chale walizochanjwa kwao utotoni.

Katika watoto wale wawili hapana aliyeulizwa anataka dini gani. Kila mmoja alipata dini ya nyumba iliyompokea. Mimi ni Mwislamu kwa sababu ya jahazi moja, na ndugu zangu wa Mbweni ni Wakristo kwa sababu ya jahazi jingine. Nikisema hivi sipunguzi imani yangu hata chembe. Naamini ninachokiamini, nakisalia mara tano kwa siku. Lakini kila nikikumbuka vile tulivyofika hapa, ulimi huwa mzito kumhukumu mtu.

Tafsiri ya Kurani niliisikia mara ya kwanza nyuma ya pazia. Mwezi wa Ramadhani, baada ya alasiri, Maalim wetu alikaa mbele ya marufaa na Tafsir al-Jalalayn, wanaume mbele yake, sisi wanawake nyuma ya pazia la kijani lililotobokatoboka. Jalalayn ni kitabu cha maneno machache. Maalim alisoma Kiarabu, akafasiri neno kwa neno, halafu akafunga kitabu kwenye kidole chake na kusema: "Na kuna kauli nyingine." Tulikuwa tukimsubiri aseme. Wasichana tulifinyana. Siku nyingine kauli zilikuwa mbili, siku nyingine tano, na kila moja alimtaja mwenyewe: Ibn Abbas kasema hivi, Mujahid kasema vile, Qatada kaona namna hii. Akishamaliza husema ipi anaiona yenye nguvu, na kwa nini, kisha humalizia na Allahu aalamu.

Wakati ule niliona anatuchelewesha futari. Miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba ile "kuna kauli nyingine" ndiyo iliyokuwa darsa yenyewe. Mtu aliyezoea tangu utotoni kusikia kwamba wanazuoni wakubwa wamesoma aya moja wakatofautiana, na kila mmoja akabaki na heshima yake, hawezi kwa wepesi kumsimamia jirani yake mlangoni na kumwambia Mungu amesema hivi, basi, ondoka.

Tena nyumbani tulikuwa na mazoezi ya kutosha. Babu yangu mzaa baba alikuwa Muibadhi, wa madhehebu nyingine ya Kiislamu. Akisali anaachia mikono, Bibi Mshafii anakunja. Bibi alfajiri anasoma dua ya kunuti, Babu hasomi. Walikuwa wakwe, na walipokutana siku za Idi walisali nyumba moja. Hii haikuwa ajabu ya ukoo wetu tu. Visiwa hivi vilitawaliwa na masultani Waibadhi huku raia wengi wakiwa Washafii, na kadhi walikuwepo wa pande zote mbili, kila mtu akahukumiwa kwa madhehebu yake.

Sasa nifike kwenye mwaka wenyewe.

Bibi wa Mbweni alifariki mwaka 2013, wiki chache baada ya Padri Evarist Mushi kupigwa risasi hapa Unguja, Jumapili asubuhi ya tarehe 17 Februari, akiwa anafika kanisani. Kabla ya hapo, Mei 2012, makanisa yalichomwa moto. Novemba Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi padri mwingine, Ambrose Mkenda, alipigwa risasi akanusurika. Waliokuwepo wanakumbuka hali ilivyokuwa: watu walishusha sauti kwenye daladala, na barazani, ambako zamani kila jambo lilijadiliwa mpaka kahawa ikaisha, mazungumzo yakakatika akipita mtu msiyemjua. Mama alinikataza kwenda Mbweni peke yangu. Bibi alikwenda.

Habari ya msiba ilipofika, Bibi alivaa buibui, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akasubiri apelekwe. Mtoto wa mjomba wangu, ambaye ndiye mwenye gari katika ukoo, akasema hampeleki. Hakusema kwa ukali. Huyu ni ndugu yangu tuliyekulia sahani moja. Alikwenda kusoma nje miaka minne akarudi na elimu, na simdharau kwayo. Alisoma kwa moyo aya ya 51 ya Sura al-Maida, inayowakataza waumini kuwafanya Mayahudi na Wakristo awliyaa, akaifasiri: marafiki. "Bibi, mimi nakuogopea. Ukienda kanisani na kukaa nao, umewafanya marafiki, na Mungu anasema atakayefanya hivyo ni miongoni mwao."

Bibi alimtazama kwa muda. "Mimi siendi kwa marafiki," akasema. "Nakwenda kwa dada yangu."

Ndugu yangu akabakia kimya, lakini funguo hakutoa. Mazishi yalikuwa kesho yake saa nane mchana. Bibi akasema basi, baada ya isha twendeni kwa Maalim, akatae yeye.

Maalim alikuwa keshazeeka. Alitupokea ukumbini, tukampa shikamoo, tukakaa juu ya mkeka. Bibi alieleza kwa maneno mawili matatu, ndugu yangu akaeleza kwa marefu. Maalim hakumjibu yeyote. Alimtuma mjukuu wake amletee mijalada ya al-Qurtubi. Kwa wasiomjua, huyu ni mfasiri wa Andalusi aliyefariki Misri mwaka 1273, na tafsiri yake ni bahari. Akafungua Sura al-Baqara, aya ya 256, ambayo hapana aliyeitaja usiku ule. La ikraha fiddin. Hapana kulazimishana katika dini.

"Hapa," akasema, "wanazuoni wana kauli sita."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Alizisoma zote, na hakuruka hata zile zisizotusaidia. Kauli ya kwanza ni ya waliosema aya hii imefutwa hukumu yake na aya za vita. Akaisoma kikamilifu na kuwataja wenyewe, wala uso haukumbadilika. Ya pili, kwamba ni kwa watu wa Kitabu, hao hawalazimishwi. Na hapo akasoma kisa cha Umar bin al-Khattab na bibi kizee wa Kikristo. Umar alimwambia silimu, bibi, usalimike. Yule kizee akamjibu kwamba yeye ni mtu mzima sana na kifo kiko karibu. Umar, khalifa mwenye majeshi yaliyozishinda falme mbili, akasema: Ewe Mola, shuhudia, kisha akaisoma aya hii. Yaani alikuwa akijitoa lawamani: nimemwita, sikumlazimisha.

Kauli ya tatu ndiyo aliyoitulia. Ni ya Ibn Abbas, na hata Jalalayn yetu ya Ramadhani imeishika kwa mstari mmoja tu. Kabla ya Uislamu, mwanamke wa Madina aliyekuwa akizika kila mtoto anayemzaa alikuwa akiweka nadhiri: huyu akiishi nitamfanya Yahudi. Watu wa Madina waliabudu masanamu wakati huo, na Mayahudi waliwaona ndio wenye elimu na Kitabu. Watoto wakaishi, wakalelewa katika dini ile. Mwaka wa 4 Hijria, yapata 625, kabila la Kiyahudi la Banu Nadhir likatolewa Madina, na miongoni mwao wamo watoto wa Ansari, yaani Waislamu wenyeji wa Madina. Wazazi, ambao sasa ni Waislamu, wakasema: hatuwaachi watoto wetu. Wakataka kuwazuia na kuwasilimisha kwa nguvu. Hapo ndipo aya iliposhuka. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema wapewe khiyari: watakaokuchagueni ni wenu, watakaowachagua wao ni wao.

Maalim akanyanyua macho. "Siku ile ni siku ya kuagana," akasema. "Ngamia wamekwisha pakiwa. Mzazi kashika mkono wa mwanawe. Na Mungu anamwambia muachie."

Sijapata kusikia tafsiri iliyonipenya kuliko ile. Mpaka usiku ule nilidhani aya hii ni kanuni ya serikali, kitu cha kuandikwa kwenye katiba. Sikujua kwamba imeshuka kwa mama na mtoto. Na mtoto yule alikuwa na dini ya nyumba iliyomlea, kama bibi zetu wawili walivyokuwa.

Kauli ya nne nayo ni ya nyumbani. Mtu wa Ansari alikuwa na vijana wawili. Wafanyabiashara wa mafuta wakaja Madina kutoka Sham, na walipokuwa wanarudi, vijana wale wakaingia Ukristo wakaondoka nao. Baba akaja kwa Mtume akitaka wafuatwe. Sisi watu wa bandari hatuhitaji kufafanuliwa: vyombo vya musimu vilileta tende na samaki mkavu, na wakati wa kurudi vikachukua vijana wa watu. Hapa pia Maalim hakuficha kwamba msimulizi wa riwaya hii mwenyewe aliiona hukumu yake ikafutwa baadaye. "Nakusomea yote," akamwambia ndugu yangu, "ili kesho usije ukasema Maalim kachagua." Akamwambia vilevile kwamba at-Tabari, mkubwa wa wafasiri, aliyefariki 923, alizipima kauli hizi akaona aya haikufutwa, ingawa aliihusisha na watu wa Kitabu na wanaofanana nao. Ya tano na ya sita alizipitia haraka, na mimi nitafanya hivyo hivyo.

Ndugu yangu alikuwa msikivu, na alikuwa na hoja. "Maalim, hiyo ni kutolazimisha. Mimi simlazimishi mtu. Nimesema kuhusu kuwafanya marafiki."

Ilikuwa hoja ya haki. Maalim akaikubali kwa kichwa.

"Awliyaa ni wingi wa nini?"

"Walii."

"Walii wa bibi yako siku ya ndoa yake alikuwa nani?"

Tukanyamaza. Neno lilikuwa mdomoni mwetu siku zote. Walii ndiye mwenye kukuozesha, mwenye kusimama mahali pako, mwenye amri juu ya jambo lako. Mtu unaweza kuwa na marafiki mia na walii mmoja. Maalim akatoa sababu walizozitaja wafasiri: Ubada bin as-Samit na Abdullah bin Ubayy, ambao wote walikuwa na mikataba ya kulindana na makabila ya Kiyahudi, mmoja akajitoa, mwingine akang'ang'ania akisema anaogopa mambo yasije yakageuka. Zipo na riwaya nyingine, za watu waliotaka kukimbilia kwa wengine baada ya kipigo cha Uhud. Zote ni habari za kujiweka chini ya ulinzi wa upande mwingine wakati wa vita. Kisha akarudi nyuma katika sura hiyohiyo, aya ya 5, iliyohalalisha chakula cha waliopewa Kitabu na kumhalalishia mwanamume Mwislamu kuoa kwao. Na Sura ar-Rum imesema Mungu ameweka baina ya mume na mke mapenzi na huruma. "Basi Mungu akuruhusu uoe Mkristo, aweke mapenzi baina yenu, halafu akukataze urafiki? Mama wa wanao?"

Nafikiri mara nyingi juu ya tarjuma tangu siku ile. Tarjuma ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili iliandikwa na padri aliyeishi hapahapa Unguja, Canon Godfrey Dale wa UMCA, ikatoka 1923, na maelezo yake yalikuwa ya kujadiliana na Uislamu. Waahmadiyya wakatoa yao mwaka 1953. Waislamu wa Sunni waliudhika na zote mbili. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1912, akajibu kwa kuandika tarjuma yake na maelezo yake mpaka ikakamilika 1969, na wengi wetu ndiyo tuliyokulia nayo. Mkono wa mtu haukutumika. Kalamu ilijibiwa kwa kalamu, ukali ukabaki kwenye karatasi. Hata hivyo tarjuma yoyote ile, ya shekhe au ya padri, hulazimika kuchagua neno moja pale ambapo Maalim alikuwa na sita. Anayeisoma peke yake, usiku, kwenye simu, bila mtu wa kumwambia "na kuna kauli nyingine", atadhani lile neno moja ndiyo aya.

Zipo aya ngumu. Sitaki mtu aseme mwandishi huyu kachota zilizo laini akaziacha nyingine. Aya ya 5 ya Sura at-Tawba, ile inayoitwa aya ya upanga, imo, na tunaisoma. Imeshuka katika habari za washirikina waliofunga mikataba na kuivunja; aya ya 4 imewatoa wale waliotimiza ahadi, na aya ya 6, inayofuata mara moja, inasema mshirikina akikuomba himaya mpe, asikie maneno ya Mungu, kisha mfikishe mahali pake pa amani. Mwenye kuisoma ya 5 akafunga msahafu kabla ya ya 6 amefanya tafsiri tayari, na amefanya vibaya. Na Sura al-Hajj, aya ya 40, imetaja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kwa pamoja, kwamba lau Mungu asingewazuia watu kwa watu, zingevunjwa. Yale makanisa yaliyochomwa Mei 2012 yamo ndani ya aya hiyo. Sijui aliyebeba kiberiti siku ile aliisomaje.

Turudi ukumbini kwa Maalim. Ndugu yangu alitaja jambo moja la mwisho, na hapo nilijua kweli amesoma. Alisema Sura al-Mumtahana, aya ya 8, ile ambayo Mungu anasema hakukatazeni kuwatendea wema na uadilifu wasiokupigeni vita katika dini, Jalalayn imesema hiyo ilikuwa kabla ya kuamrishwa jihadi. Kitabu cha darsa yetu wenyewe!

"Kweli," Maalim akasema. "Imesema." Akaacha neno likae. "Na at-Tabari kasema haikufutwa, na kwamba inaingiza watu wa mila zote na dini zote. Sasa nikueleze alikuwa nani mlangoni."

Mlangoni alikuwa Qutayla, mama wa Asmaa binti Abubakar. Abubakar alimwacha zamani, kabla ya Uislamu, na yeye akabaki katika ushirikina Makka. Siku moja katika miaka ya mapatano baina ya Makka na Madina akasafiri mpaka Madina kumtazama mwanawe, kachukua zawadi, na samli imo. Asmaa hakumfungulia. Hakupokea zawadi, hakumwingiza ndani, mpaka aulize kwanza. Jibu la Mtume limo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: ndiyo, muunge mama yako. Na wafasiri wengi wameiweka aya hii ya 8 hapo. Tena neno lenyewe la aya, tabarruhum, ni la mzizi wa birri, neno lile lile tunalolitumia kwa wema wa mtoto kwa wazazi.

Namwona yule mama. Kasafiri siku nyingi jangwani, kasimama nje na samli yake inayeyuka, na mwanawe yuko upande wa pili wa mlango, anampenda na anaogopa kumkosea Mungu. Asmaa hakuwa mkali wala hakuwa mjinga. Alikuwa na hofu ileile aliyokuwa nayo ndugu yangu na funguo zake mfukoni. Hiyo ndiyo sababu simlaumu. Tofauti ni kwamba Asmaa alikwenda kuuliza.

Maalim aliweka na mipaka, na sitaiacha kwa kuwa hainipendezi mbele za watu. Bibi hatosali sala yao, wala hatomwombea maiti maghufira, maana Sura at-Tawba aya ya 113 imekataza. Lakini kwenda, kuhani, kutoa ubani, kukaa na wafiwa, kulia: hayo ni haki ya udugu. Mtume alimwamrisha Ali akamzike baba yake, Abu Talib. Na jeneza la Yahudi lilipopita, Mtume alisimama. Wakamwambia, huyo ni Yahudi. Akasema: je, si nafsi?

Tukaondoka bila ndugu yangu kusema ndiyo wala siyo.

Kuna jambo nililikuta baadaye, nalo nataka liwemo humu. Edward Steere, aliyekuja Unguja mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu, yule aliyejenga kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Katika utangulizi amemshukuru Sheikh Abdulaziz, yaani Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, mwanachuoni wa Kishafii aliyekuwa kadhi hapa chini ya masultani wa Kiibadhi. Shekhe alijitolea mwenyewe kumfasiria Steere Zaburi, kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili kilicho safi kabisa. Shughuli zake zilikuwa nyingi, na Steere akaona lugha yake ni ya juu mno kwa waumini wake wa kawaida; kazi ikasimama baada ya Zaburi ya sita. Steere akazichapisha zile sita, ziwe kumbukumbu ya hisani yake.

Nimelizungusha hili kichwani siku nyingi. Kadhi wa Kiislamu, mwenye daftari za kesi zinamsubiri, kakaa na Biblia ya padri. Hakuwa amelegea dini. Alijulikana kwa kuitetea. Zaburi ni kitabu anachokiamini, kwa kuwa Kurani imesema Daudi alipewa Zaburi. Na ile ya sita ni zaburi ya mtu anayelia usiku kucha mpaka kitanda kinalowa. Hapo ndipo kalamu yake ilipoishia.

Siku ya mazishi Bibi aliamka kabla ya alfajiri. Alipika mkate wa kumimina miwili, akaufunga kwenye kitambaa, akaweka ubani katika bahasha. Saa sita na nusu tulikuwa tumekwisha vaa, tunazungumza juu ya daladala ipi itatufikisha karibu zaidi, tukasikia honi nje. Ndugu yangu hakuingia ndani. Alishuka, akamfungulia Bibi mlango wa mbele, akamshika kiwiko mpaka akakaa.

Njiani hakusema mengi. Karibu na Mazizini akaniambia, bila kunitazama, kwamba yeye bado yuko kwenye kauli yake. Nikamwambia najua.

Mbweni watu walikuwa wengi, na wengi wao kofia na buibui. Wanawake wa kwetu hatuendi makaburini, kwa hiyo Bibi alikaa nje ya kanisa, kwenye kivuli cha mwembe, na mabinti wa marehemu wakatoka mmoja mmoja kuja kumlalia kifuani. Mkubwa wao alikuja na kifurushi. Nilikijua kwa kitambaa kabla hakijafunguliwa. "Mama alisema hili ni lenu," akasema. Bibi akalipokea sufuria, akaliweka magotini, akalishika kwa mikono miwili muda wote ibada ilipokuwa ikiendelea ndani.

Ndugu yangu alibaki kwenye gari, ng'ambo ya njia, kakaa juu ya boneti, anatazama simu yake. Walipotoka na jeneza, kengele ikilia, watu wakafunguka njia. Nilimgeukia. Alikuwa keshashuka kwenye boneti. Simu kaitia mfukoni, mikono kaiteremsha, kasimama wima juani, na hakukaa mpaka jeneza lilipokunja kona ya kanisa.

"Nishike mkono," Bibi akaniambia. "Na sufuria lichukue wewe."